Herufi Mbili Kwenye Pindo la Deraya

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe, na ni afadhali nilitaje mapema kabla waliokuwepo siku ile hawajanitajia.

Katika semina yetu ya tamthilia nilisoma mada kuhusu ile tamthilia ya Shakespeare inayomhusu Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Ili kuinogesha mada nikaleta picha, nikaizungusha mezani. Ilikuwa picha ya deraya ya fedha ya mfalme huyo, yake na ya farasi wake, iliyotengenezwa takriban mwaka 1515 na ambayo hadi leo imehifadhiwa katika ngome ya Tower jijini London, chini ya taasisi ya Royal Armouries. Nikasema, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba deraya hiyo ilikuwa zawadi ya Kaizari Maximilian, na kwamba herufi H na K zilizoko kwenye pindo lake, yaani Henry na Katherine, zilikuwa salamu za kidiplomasia tu zisizotuambia lolote kuhusu mfalme mwenyewe. Chanzo changu kilikuwa kitabu chakavu cha maktaba, kisicho hata na jalada. Nilipomaliza, dada mmoja wa idara ya historia, aliyekuwa amekuja kama mgeni, akanyosha mkono. "Kaka, hilo la zawadi lilishakanushwa tangu mwaka 1965. Sasa kama si zawadi, hizo salamu ni za nani kwa nani?"

Watu wakacheka. Mimi nikajibu kitu kama "tutaliangalia," nikakaa. Usiku ule sikulala vizuri, maana niliona wazi kwamba dada yule hakuwa amenisahihisha tarehe tu. Alikuwa ameivuta nguzo na nyumba nzima imekuja chini.

Msomaji ambaye hajaiona picha yenyewe avumilie kidogo nimweleze. Tusifikirie deraya ya vitani iliyopigwa nyundo ikaachwa na rangi yake ya chuma. Hii ni ya chuma cha pua, lakini uso wake ulipakwa fedha, na juu ya uso huo hakuna mahali pa kuweka hata kidole ambapo hapana nakshi. Kifuani amesimama Mtakatifu Joji, joka likiwa chini ya miguu yake. Mgongoni yupo Mtakatifu Barbara. Kutoka kiunoni inashuka sketi, naam, sketi ya chuma, iliyofinyangwa marinda kama ya kitambaa, kwa sababu mtindo wa wanaume wakubwa wa wakati ule ulikuwa kuvaa sketi fupi ya nguo juu ya deraya, na hapa fundi amekiiga kitambaa kwa chuma. Mbele na nyuma sketi hiyo imekatwa nafasi, mfalme aweze kukaa kwenye tandiko. Farasi naye amevikwa kuanzia kichwani hadi makalioni, na mabamba yake yamejaa visa vya watakatifu wale wale wawili, kimoja baada ya kingine, kama vile mtu aliyechukua kitabu akakifumua kurasa zake na kuzipanga juu ya mnyama. Katikati ya visa hivyo yanapita mawaridi ya ukoo wa Tudor na makomamanga ya Katherine. Na kule chini kabisa, kwenye pindo la ile sketi, ndipo zilipo H na K, zimerudiwa kulizunguka pindo lote, zikiwa zimeunganishwa kwa yale mafundo ambayo Wazungu huyaita ya wapendanao.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati au balaa ya kutoweza kuitaja deraya hii bila kutaja pesa. Fedha ni madini na fedha ni mali. Mtu wa pwani aliyeona jambia lenye ala ya fedha anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Hakuna anayeliomba jambia hilo akachinjie kuku. Fedha haizuii mkuki, chuma kilichoko chini yake ndicho kinachozuia. Basi hapo unarudi ule ugomvi wetu wa kila mwaka darasani, wale wanaosema fani ni kikombe na maudhui ni chai, na wale wanaosema ni pande mbili za sarafu moja. Nilipokuwa naandika ile mada ya kwanza nilikuwa mtu wa kikombe: chuma ndiyo kazi, nakshi ni mapambo, na herufi ni mapambo ya mapambo. Ndiyo maana niliweza kuzipuuza kirahisi vile.

Sasa tuingie kwenye kosa lenyewe. Habari ya zawadi haikutungwa na kitabu changu kile chakavu. Ilitoka mbali. Mwaka 1829 Samuel Meyrick, aliyekuwa bingwa wa mambo ya silaha za kale huko Uingereza, alichapisha maelezo yake kuhusu deraya hii na kuihusisha na Maximilian. Na kweli Maximilian alimpelekea Henry zawadi ya deraya. Hilo si uongo. Iliagizwa kwa fundi wake wa Innsbruck, Konrad Seusenhofer, na ikafika mwaka 1514. Tatizo ni kwamba si hii. Ile ya Seusenhofer imebaki kofia yake tu, kofia ya ajabu yenye pembe mbili za kondoo na uso wa mtu aliyevaa miwani, ambayo sasa iko katika jumba la Royal Armouries mjini Leeds. Ukizitazama picha za vitu hivyo viwili pamoja unashangaa vipi watu wenye akili waliwahi kuviona ni vya mkono mmoja. Lakini zawadi ilikuwepo kwenye maandishi, deraya nzuri ilikuwepo ukumbini, na binadamu hapendi kuacha vitu viwili vikae bila kuviozesha. Ilichukua zaidi ya miaka 130 mpaka Claude Blair, katika makala yake ya 1965, alipovitenganisha.

Ilitoka wapi basi? Hapa jibu ni la kinyumbani zaidi. Mwaka 1511 Henry alikuwa ameleta mafundi wa Kiitalia kutoka Milan wamfanyie kazi, na karibu na mwaka 1515 wakaja wengine, Wajerumani na Waflemi, wa karakana ya kifalme kule Greenwich. Deraya hii inahesabiwa kuwa kazi ya mafundi wake mwenyewe hao. Na nakshi zake ni za Paul van Vrelant, mtu wa Brussels, aliyeajiriwa na mfalme kama mtia dhahabu wa deraya zake. Van Vrelant hakutumia tindikali kula chuma kama walivyofanya wapambaji wengi wa deraya wa karne ile. Alichonga kwa ncha, mstari kwa mstari. Naomba tumkumbuke huyu bwana, maana wahakiki tumezoea kulaani tabaka tawala kisha tukamsahau mvuja jasho mwenyewe, na tunaposema "Henry alijitangaza" ni mkono wa van Vrelant uliokuwa unatangaza.

Sasa swali la dada yule. Kama deraya ingekuwa zawadi, herufi zile zingekuwa maneno ya mgeni harusini: hongera bwana, hongera bibi. Mgeni husema hivyo hata kama hawajui vizuri maharusi. Lakini kama deraya imetoka kwenye karakana ya Henry, kwa agizo lake na kwa fedha yake, basi msemaji ni mume mwenyewe. Si hongera tena, ni kiapo. Nafsi imehama kutoka ya tatu kwenda ya kwanza, na mwanafunzi yeyote wa fasihi anajua kwamba ukibadilisha nafsi umebadilisha shairi.

Na haikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo. Tarehe 1 Januari 1511 Katherine alizaa mtoto wa kiume, akaitwa Henry kama baba yake. Februari tarehe 12 na 13 yakafanyika Westminster mashindano makubwa ya mikuki kusherehekea. Mfalme aliingia uwanjani kwa jina la Cuer Loyall, yaani Moyo Mwaminifu. Mwandishi wa tarehe Edward Hall anasimulia kwamba mavazi ya mfalme na wenzake yalikuwa yameshonewa herufi H na K za dhahabu halisi, na kwamba usiku, baada ya ngoma, mfalme aliruhusu herufi hizo zichukuliwe kama bahati ya sherehe. Hakujua alichokiruhusu! Raia waliokuwa wanatazama wakavamia, wakawachuna mabwana wakubwa mpaka wakabaki na nguo za ndani. Hata mfalme hakupona. Baharia mmoja wa London aliyepata herufi kadhaa aliziuza kwa sonara kwa karibu pauni 4, ambazo kwa mtu wa kazi wakati ule zilikuwa kipato cha miezi. Siku kumi hivi baada ya sherehe, tarehe 22 Februari, mtoto akafa.

Kisa hicho cha baharia nakipenda kuliko vyote, na naamini ndicho kinachotupa ufunguo. Mwaka 1511 kiapo kiliandikwa kwa uzi juu ya nguo, na watu wa chini wakakisoma kwa namna yao: wakaona dhahabu, wakaing'oa. Miaka minne baadaye kiapo kile kile kinaandikwa tena, safari hii kikafungwa kwenye pindo la chuma. Sisemi kwamba Henry alikaa akakumbuka baharia akaamua hivyo. Nasema tu kwamba ukiyasoma maandishi mawili kwa mfuatano, la pili linasomeka kama la mtu anayesisitiza. Na mtu husisitiza pale ambapo kuna jambo linatikisika. Hadi van Vrelant anachonga makomamanga yale, tunda lenye mbegu tele, wafalme hawa wawili hawakuwa na mtoto hata mmoja aliye hai. Mary alikuja kuzaliwa Februari 1516.

Kuna jambo jingine ambalo deraya hii hailisemi, na ukimya wake ni wa kelele. Mwaka 1513 Henry alivuka bahari kwenda kupigana Ufaransa, akamwacha Katherine akiitawala Uingereza kwa niaba yake. Waskoti wakashambulia. Tarehe 9 Septemba jeshi la Uingereza liliwavunja pale Flodden, na mfalme wao, James IV, akauawa uwanjani. Katherine akampelekea mumewe Ufaransa kipande cha joho la James kama bendera ya ushindi. Sasa linganisha. Vita vikubwa kuliko vyote vya utawala ule wa mwanzo vilipiganwa chini ya mamlaka ya mwanamke ambaye katika deraya ya mume wake amebaki kuwa herufi moja na tunda. Mtakatifu mwenye upanga yupo kifuani. Malkia yupo kwenye pindo, chini karibu na magoti. Wale wanaodai kwamba nakshi haina itikadi wanieleze mpangilio huu umetokea wapi.

Mgongoni lakini yupo Barbara, na hapa naingia kwenye usomaji ambao ni wangu peke yangu. Katika hadithi yake, Barbara alikuwa binti aliyefungiwa mnarani na baba yake mwenyewe. Alipokataa kuiacha imani yake, baba huyo huyo akamkata kichwa, naye akapigwa na radi papo hapo. Kwa sababu ya radi hiyo wapiga mizinga na watu wa baruti walimfanya mwombezi wao, na askari walimwomba awaepushe na kifo cha ghafla. Kwa hiyo kuwekwa kwake juu ya deraya hakuna ajabu, ni desturi. Ila desturi nayo hubeba mambo ambayo aliyeifuata hakuyakusudia. Mwanamke aliyefungwa kwa sababu amekataa kubadili neno lake alichongwa nyuma ya mgongo wa Henry, mahali ambapo mvaaji hawezi kuona.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Kufikia mwaka 1527 Henry alikuwa anataka ndoa ifutwe, kwa hoja kwamba Katherine alikuwa amewahi kuolewa na kaka yake, Arthur, aliyefariki 1502. Mwaka 1529 mahakama ya Kanisa ikaketi Blackfriars, Katherine akapiga magoti mbele ya mume wake, akasema yake, akaondoka, na alipoitwa arudi hakugeuka. Januari 1533 Henry akamwoa Anne Boleyn, na mwezi Mei Askofu Mkuu Cranmer akatangaza kwamba ndoa ile ya kwanza haikuwahi kuwa ndoa. Katherine akanyang'anywa jina la malkia, akaamriwa kuitwa mjane wa Arthur, akahamishwa nyumba hadi nyumba mpaka alipofia Kimbolton tarehe 7 Januari 1536. Mpaka mwisho alikataa jina hilo jipya.

Hapo ndipo kazi ya kufuta inapoanza, na ni kazi ya maseremala na wachongaji zaidi kuliko ya wanasheria. Kwenye majengo ya mfalme ikaja H na A. Mwaka 1536 Anne naye akakatwa kichwa, ndani ya ngome ile ile ya Tower ambamo leo inatazamwa deraya yetu, na A nazo zikaanza kung'olewa kumpisha Jane Seymour. Lakini mafundi ni watu, wanachoka, na dari ni ndefu. Kwenye Ukumbi Mkuu wa kasri la Hampton Court ipo H na A iliyoponyoka hadi leo, na katika kanisa la King's College, Cambridge, herufi za Anne zimebaki kwenye kiambaza cha mbao. Watalii huoneshwa kwa furaha, kama watoto wanaooneshwa kosa la mwalimu ubaoni.

Za Katherine kwenye deraya hazikuhitaji bahati ya fundi aliyechoka. Seremala anaweza kung'oa herufi moja ya ubao na kupachika nyingine. Lakini jaribu kuitoa K kwenye pindo ambalo kila K imefungwa fundo na H kulia na kushoto, halafu uyafute na makomamanga yaliyotapakaa kwa mfalme na kwa farasi. Ungebakiwa na deraya iliyokwanguliwa. Huwezi kumtoa mke bila kumchubua mume. Niambieni sasa, kikombe kipo wapi hapo na chai ipo wapi?

Tamthilia niliyokuwa naisomea mada, ambayo Shakespeare aliiandika akishirikiana na John Fletcher, inaanzia hapo kwa namna yake. Mwaka 1613, miaka 77 baada ya kifo cha Katherine, na huku walioketi kwenye kiti cha enzi wakiwa wamepitia kizazi cha Anne, waandishi hao walimpa Katherine jukwaa. Mandhari ya mahakama ni yake. Mfalme anasema mengi, lakini tunatoka ukumbini na sauti ya mke. Tamthilia inamalizikia kwenye ubatizo wa Elizabeth, binti wa Anne, kama adabu ya siasa ilivyodai, na bado huwezi kumwondoa yule mwanamke wa kwanza. Katika mada yangu ya awali niliiita hali hiyo udhaifu wa muundo. Nimelifuta neno hilo. (Kwa kupita tu: katika onyesho la tamthilia hiyo, tarehe 29 Juni 1613, mzinga uliopigwa kumpamba mfalme uliangusha cheche kwenye paa la nyasi la jumba la Globe, na jumba lote likateketea. Watu walinusurika. Ya Barbara hayo.)

Nimempa dada wa historia ayasome makala haya kabla sijayapeleka kwa mhariri, kwani nilimdai hivyo, au yeye alinidai. Ameyarudisha na mistari ya kalamu nyekundu. Anasema usomaji wangu wa Barbara haumwingii hata kidogo, kwamba natafuta mnara kila mahali. Anasema Flodden ilistahili kutangulia mambo yote. Na pembeni mwa pale nilipoandika "kiapo" ameandika: "Cha nani? Katherine ndiye aliyekitunza." Barbara nimemwacha alipo.